Anafoka, au ni Gari?

Wale mlioniandikia kuhusu wachumba wanaozima simu usiku, majibu yenu yanakuja mwezi ujao, vuteni subira. Leo nataka tuongelee bati. Naam, bati la gari. Na wewe dada uliyeanza kufunua ukurasa wa mapishi, rudi hapa, maana bati hilo nusura liniharibie ukwe, na lilimpokonya mume wangu shamba.

Basi bwana, gari letu ni moja ya hivi vigari vya Kijapani vilivyotumika, milango mitano, injini ya cc 1300. Mjini halina neno. Unakwenda sokoni, unapeleka watoto shule, mafuta kidogo. Tatizo lake ni barabara kuu. Likishafika kilomita 80 kwa saa linaanza kuvuma, vuuuuu, kama umeingiza kichwa ndani ya pipa tupu. Baba watoto dawa yake ilikuwa kuongeza redio. Mimi dawa yangu ilikuwa kulala.

Desemba 2023 tulikwenda Morogoro kumchukua mama mkwe aje Dar kwa kliniki ya macho. Treni ya umeme ilikuwa haijaanza (ilianza kubeba abiria wa Dar na Morogoro Juni 2024), na mama mwenyewe basi halitaki. Kwa hiyo safari ni karibu kilomita 190, baba watoto kwenye usukani, mimi pembeni yake, mama nyuma na ndizi zake na kuku wawili wa zawadi.

Kuanzia Mikese mama alikuwa anaongea. Namsikia, lakini siyo maneno. Yanakuja makombo tu: "...mdogo wako... kile cha mwaka juzi... si ndiyo?" Baba watoto anajibu kwa sauti ya juu, "Ndiyo, mama!" Vuuuuu. Baada ya Chalinze tena: "...mimi nimeona hivyo... au?" "Sawa, mama! Hakuna shida!" Mlandizi mara ya tatu, naye akamjibu vilevile huku anapita lori. Mimi niliitikia kwa kichwa mara moja mbili, halafu usingizi ukanichukua. Mama naye akanyamaza mpaka nyumbani.

Wiki mbili baadaye shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, akapiga simu kushukuru. Anashukuru nini? Shamba! Lile la upande wa Mikese alilolisema marehemu baba yao, ambalo baba watoto alikuwa ameshalipigia hesabu za kujenga akistaafu. Mama kampa shemeji, na shemeji ameshaanza kuchimba mashimo ya uzio. "Mama amesema alikuuliza mara tatu, kaka, na mara tatu ukakubali."

Mume wangu alikaa kwenye kochi kama mtu aliyenyeshewa. Hajamaliza kukaa, simu yangu ikaita. Wifi. Yeye hakuwa na habari ya shamba, yeye alikuwa na habari yangu mimi. Mama ameumia. Njia nzima kutoka Morogoro anamsemesha mke wa kaka, mke wa kaka hajibu, anageukia dirishani analala. "Kama hukutaka aje kwako ungesema tu, wifi." Nikabaki nimeshika simu.

Usiku ule nyumbani kwetu hapakulalika. Tukakumbushana na ya nyuma yote. Kwa nini kila tukisafiri tunafika tumenuniana? Nilimwambia, wewe ukiwa kwenye usukani unanifokea. Akasema hajawahi kunifokea. Nikamwambia, "Hebu kumbuka ile ya Segera." Akasema ya Segera mimi ndiye niliyeanza kupiga kelele. Kila mmoja alikuwa na ushahidi wake, na nataka mjue kwamba wote wawili tulikuwa tunasema kweli.

Jambo hili lina maelezo yake. Mwaka 1911 daktari mmoja wa Ufaransa wa masikio na koo, Étienne Lombard, aliandika kuhusu kitu alichokiona kwa watu: ukimwekea mtu kelele masikioni, anapandisha sauti yake mwenyewe bila kujua. Hajaamua. Ukiondoa kelele, anashuka. Mpaka leo wataalamu wanakiita kwa jina lake. Na sauti haipandi ukubwa tu, inapanda na wembamba pia, na maneno yanavutika. Sasa niambie, shosti, sauti kubwa, nyembamba, yenye kuvuta maneno, sikioni mwako inafanana na nini? Inafanana na mtu anayegomba! "Nimesema NUNUA MAJI HAPO MBELE!" Yeye anaomba maji, wewe unasikia dharau. Unamjibu, na wewe umepanda bila kujua. Mpaka mfike Chalinze ndoa imeshatetereka.

Mama zetu ndiyo kabisa. Kadiri umri unavyokwenda, sikio linaanza kupoteza zile sauti nyembamba, za s, f, t, ambazo ndizo zinazotenganisha neno na neno. Chumbani kimya mtu mzima anakusikia vizuri tu. Muweke kwenye mvumo anasikia watu wanaongea, hasikii wanachosema, na asiyesikia hujaza mwenyewe. Mama mkwe alijaza kwamba nimemnunia.

Twende kwa fundi

Nilikuwa nimesikia kuna dawa inapulizwa kwenye bati la gari kama rangi, gari linatulia. Nikamshika mkono baba watoto, tukaanza kutafuta. Fundi wa kwanza, hata sitasema ni mtaa gani, hakufungua hata mlango. Alitaka kulipiga gari zima, juu mpaka chini, na dawa yenyewe nilipochungulia kwenye ndoo ni lami ya kuzibia paa la nyumba. Jamani! Ile ndani ya gari lililoegeshwa kwenye jua la Dar inalainika na kunuka, na mtoto wako yumo humo. Tukaaga kwa heshima.

Wa pili tulimpata Gerezani, mzee wa makamo, mkimya, mikono imejaa grisi. Yeye hakutaja dawa kabisa. Alimwambia baba watoto, "Kwanza tujue nani anapiga kelele, ndipo tumnyamazishe." Nilimpenda pale pale.

Akaliwasha gari likiwa limesimama, akakanyaga mafuta kidogo kidogo. Kelele inayokuja gari likiwa limesimama ni ya injini au bomba la moshi. Na kweli usukani ulitetemeka mpaka pete yangu ikagonga. Raba moja ya kushikilia injini ilikuwa imekatika, chuma kinagonga chuma. Halafu wakatoka barabarani. Kelele inayobadilika mkitoka kwenye lami laini kuingia kwenye lami ya kokoto inatoka kwenye matairi, na ya kwetu ya nyuma yalikuwa yameliwa vibaya, ukipitisha kiganja unasikia meno kama msumeno. Kelele ya mluzi inayokua kadiri mwendo unavyopanda ni upepo, unapenya kwenye raba za milango. Hii hata wewe nyumbani unaweza kuipima: funga mlango ukiwa umebana karatasi, halafu vuta. Ikichomoka kirahisi, raba hapo imechoka. Baba watoto alitumia noti ya elfu kumi, mlango wa nyuma kushoto ukaiachia bila hata kubishana.

Kwa hiyo tulibadilisha raba ya injini, matairi mawili na raba ya mlango. Hapo dawa ya kupuliza haijanunuliwa bado. Nawaambieni hili mapema kwa sababu najua wapo watakaosoma nusu na kukimbilia dawa. Dawa haiunganishi raba iliyokatika na hailainishi tairi lililoliwa.

Kilichobaki ni ule mvumo wenyewe, vuuuuu. Mzee akafunua kapeti la nyuma akagonga bati kwa kifundo cha kidole. Likalia ngoooo. Akaweka kiganja cha mkono wa pili pembeni, akagonga tena. Tup. "Umesikia, mama?"

Nilisikia, na mtu yeyote aliyewahi kukaa karibu na ngoma ataelewa. Ngoma ukiipiga ngozi inatetemeka, na kutetemeka huko ndiyo sauti. Mpigaji akitaka inyamaze haizibi kwa blanketi, anaigusa tu kwa kiganja. Bati la gari dogo ni jembamba, milimita 0.7 au 0.8 hivi, na sakafu ya nyuma na buti ni vipande vipana vya bati jembamba. Mtikisiko wa injini na wa matairi ukifika pale, bati linauchukua na kuuimba. Dawa ya kupuliza ndiyo hicho kiganja. Ni uji mzito wa plastiki laini na unga wa madini, umechanganywa na maji. Ukikauka unang'ang'ania bati na kuwa kama raba ngumu. Bati likitaka kutetemeka linalazimika kuukunja na kuukunjua ule utando, na nguvu ya mtikisiko inaishia humo kama joto, kidogo mno hata huwezi kulihisi kwa mkono.

Wala siyo kitu cha mtaani. Viwandani kwa miaka mingi walikuwa wanatandaza vipande vya lami sakafuni, vinashika vyenyewe bodi likiingia kwenye tanuri la rangi. Siku hizi viwanda vingi vimehamia kwenye dawa ya maji inayopulizwa na roboti, pale tu panapohitajika, unene unaohitajika. Gari dogo la bei nafuu hupakwa kidogo ili liwe jepesi na lisile mafuta, ndiyo maana linavuma kuliko la bosi wako.

Siku mbili za kuvua viti

Tulifanya Februari 2024, na mzee ndiye aliyetuharakisha. Dawa ya maji inakauka kwa maji kuondoka, sasa ukisubiri masika ya Machi, hewa yote imejaa unyevu, maji yatakwenda wapi? Safu ya juu inafunga, ya ndani mbichi, baada ya mwezi inabanduka kama ngozi ya kiazi.

Kwanza alichomoa waya wa betri, kwa sababu chini ya viti vya magari mengi kuna nyaya za mikanda na mifuko ya hewa, siyo vitu vya kuchezea. Vikatoka viti, likatoka kapeti. Shosti, chini ya viti vyetu tulikuta sarafu, penseli saba, kijiko, na hereni moja. Kabla hujaanza kuwaza, hereni ni yangu.

Halafu kusafisha. Hapa ndipo wengi wanapokosea, na hapa ndipo mzee alipotumia muda mrefu kuliko kupuliza kwenyewe. Bati linatakiwa liwe kavu, halina mafuta, halina vumbi. Kutu ilikwanguliwa na kupakwa rangi ya kuzuia kutu kwanza, maana ukifunika kutu umeitandikia kitanda. Akaziba kwa gazeti na karatasi ya gundi nyaya zote, tundu za skrubu, mashine za mikanda. Kwenye milango aliacha wazi vile vitundu vya chini kabisa. Vile vinatoa maji ya mvua. Ukiviziba mlango unageuka ndoo, na mwaka kesho unanunua mlango.

Kisha akavaa barakoa na miwani, akawasha kompresa, akapuliza. Siyo mara moja. Safu nyembamba, ngoja ikauke, nyingine, ngoja, nyingine. Nilimuuliza kwa nini asimalize kwa mkupuo, akacheka. Ikiwa nene kwa mara moja inapasuka. Lakini pia usidanganywe na mtu atakayekupulizia safu moja ukaondoka. Rangi yote ya gari ni kama milimita 0.1, na hujawahi kuona gari limetulia kwa sababu limepakwa rangi. Dawa hii nguvu yake ni unene, na ili isikike inatakiwa ikikauka iwe imelizidi bati, angalau maradufu.

Hesabu yake ni rahisi, wala msiogope. Lita moja ikisambazwa kwenye mita moja ya mraba inakupa unene wa milimita 1 ikiwa mbichi, na ikikauka inapungua. Sisi tulipiga sakafu ya nyuma, buti, matao ya matairi ya nyuma na ndani ya milango, kama mita za mraba 4. Kwa milimita 3 mbichi, ni lita 12. Fundi akikwambia lita 2 zinatosha gari zima, mwage. Na uzito nao upo, ni kama umebeba mtoto wa mwaka mmoja safari zote, kwa hiyo hakuna sababu ya kupaka kila kona. Tafuta palipo papana na panapolia ngoooo. Kona za bodi zimeshakunjwa, zenyewe ni ngumu, haziimbi. Na chini ya gari asiguse breki wala bomba la moshi.

Bei sitaji, inabadilika kila mzigo unapoingia. Ulizeni maduka matatu, na someni kopo kama imeandikwa ni ya kuzuia mtetemo. Ile dawa nyeusi ya kuzuia kutu na mawe chini ya gari ni kitu kingine, ingawa muuzaji atakuapia kwamba ni ileile.

Gari tulilikalia bila viti siku mbili, milango wazi uani, watoto wakaligeuza nyumba ya kuchezea.

Ilisaidia?

Baba watoto ni mtu wa ushahidi. Alipakua kwenye simu programu ya kupima kelele, akawa anapima barabara ileile, kilomita 80 kwa saa, madirisha yamefungwa. Simu siyo kipimo cha maabara lakini kwa kulinganisha inatosha. Mwanzo kabisa ilisoma desibeli 77. Baada ya raba na matairi, 73. Baada ya dawa, 71.

Utasema, ndiyo hicho tu? Na mimi nilisema hivyohivyo. Desibeli hazihesabiki kama shilingi. Zikishuka 3 nguvu ya sauti imepungua nusu, lakini sikio linaona imepungua kidogo tu, linataka zishuke kama 10 ndipo liseme nusu. Kwa hiyo mkweli atakwambia kwamba pesa ya matairi ilifanya kazi kubwa kuliko pesa ya dawa. Upepo bado tunausikia, lori likipita tunalisikia, kwa sababu dawa siyo ukuta. Inazuia bati lako lisigeuke spika, basi. Wanaotaka kimya cha hotelini inabidi waongeze mazulia mazito na sponji juu yake, na hapo gharama inakuwa nyingine.

Lakini kile kilichoondoka ndicho nilichokichukia. Vuuuuu haipo. Mvua ikinyesha buti halilii tena kama bakuli. Mlango ukifungwa unasema dup, mpaka jirani akaniuliza kama tumebadilisha gari. Na siku ya kwanza tunakwenda Kibaha, baba watoto alizima redio mwenyewe. Tukaongea mpaka tukafika. Hakuna cha maana, habari za ofisini kwake, ada, mjomba wake anayeoa tena. Nilikuwa namwangalia midomo inavyokwenda taratibu, nikajisemea, kumbe ndiyo sauti yake.

Pasaka ya 2024 tukaenda kumfuata mama tena. Nilikaa nyuma naye safari hii, wifi alikuwa ameshanielewa lakini nilitaka mama mwenyewe anione. Tulipopita Mikese uzio wa shemeji ulionekana kwa mbali, miti mipya imenyooka. Baba watoto akapunguza mwendo.

"Mama," akasema, "lile jambo la shamba, siku ile mimi sikusikia ulichoniuliza. Nilikuwa naitikia tu."

Mama alikuwa anamenya chungwa. Hakuacha kumenya.

"Nilijua hukusikia. Ungesikia ungeniuliza kwa nini."

Kimya. Kimya kweli, maana hata gari lilikuwa halisemi kitu.

"Basi naomba niulize sasa. Kwa nini, mama?"

Akamweleza, kutoka pale mpaka Chalinze, kwa sauti yake ileile ndogo. Mambo ya marehemu baba yao, na deni ambalo shemeji alililipa peke yake wakati sisi tunajenga Dar, ambalo mume wangu hakuwahi kuambiwa. Mengine siyo ya kuandika gazetini. Baba watoto hakujibu haraka. Aliuliza swali moja, akasikiliza, akauliza lingine. Shamba limebaki kwa shemeji. Mume wangu mpaka leo halifurahii, nisiwadanganye, lakini walikula Pasaka meza moja na mdogo wake.

Tulipofika Kimara foleni imekaza, mama amefumba macho, nikainama mbele nikamnong'oneza mwenzangu kwamba leo sina nguvu ya jiko, apitie chipsi tu, mama hatajua.

"Mimi chipsi sili, mwanangu," ikatoka nyuma.